Kasia linalorusha mchanga

Katika visiwa vya Okinawa, kusini mwa Japani, kasia la mvuvi limehifadhiwa kuwa silaha, na kisa cha mvuvi mmoja kimehifadhiwa ndani ya miondoko ya mwili badala ya kurasa za kitabu. Makala hii inaeleza kata hiyo ilivyo, ilikotoka, na lile ambalo mtazamaji hulikosa asipoelezwa.

Mpenzi msikilizaji, huenda umepata kuhudhuria maonyesho ya karate, au kuyatazama katika televisheni, ukamwona mtu akiingia uwanjani na kasia. Ni kasia la kweli, refu linalokaribia kimo cha aliyelishika, lenye bapa pana upande mmoja. Anainamisha kichwa kwa heshima, anapiga kutoka juu, anazuia, anachoma kwa ncha. Halafu, katikati ya miondoko hiyo mikali, anajishusha, anaitelemsha ncha ya kasia mpaka karibu na sakafu, na kuiinua ghafla kama mtu achotaye kitu na kukirusha mbele. Sakafu ni ya mbao, imefagiwa. Hakuna kilichochotwa. Pigo linalofuata ndilo linalopigiwa makofi, na mchoto ule mtupu hupita machoni mwa watu kama pambo.

Si pambo. Kinachochotwa ni mchanga, na kinacholengwa ni macho ya adui. Ukiuondoa mchoto huo, kata inabaki kuwa mazoezi ya viungo tu, kwa sababu ndio unaomweleza mtazamaji mtu huyu ni nani, amesimama wapi, na kwa nini ameshika kasia na si upanga.

Kata ni nini?

Neno kata ni la Kijapani, na maana yake ni umbo au kiolezo. Katika sanaa za kujihami hutumika kwa mfuatano wa miondoko uliopangwa tangu awali, unaofanywa na mtu mmoja dhidi ya maadui wasioonekana. Wasikilizaji wetu wa Lamu, wanaoujua mchezo wa kirumbizi, wamezoea kuona watu wawili wakigonganisha fimbo kwa mdundo wa ngoma. Kata haina ngoma wala haina mwenzi. Mwalimu humwonyesha mwanafunzi hatua ya kwanza, kisha ya pili, na mwanafunzi huzirudia miaka nenda miaka rudi mpaka mwili uzijue pasipo kuulizwa. Baada ya hapo huanza kazi nyingine, ambayo Wajapani huiita bunkai, yaani uchambuzi: mkono huu ulipopinda ulikuwa unazuia nini, mguu huu uliporudi nyuma ulikuwa unakimbia nini?

Okinawa ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika safu ya visiwa vya Ryukyu, iliyotandazika baina ya Kyushu na Taiwan. Tangu mwaka 1429, Sho Hashi alipoziunganisha tawala tatu zilizokuwa zikishindana, hadi mwaka 1879, Japani ilipoufuta ufalme huo na kuugeuza kuwa mkoa, Ryukyu ilikuwa dola yenye makao yake makuu Shuri na bandari yake Naha. Iliishi kwa bahari. Meli zake zilibeba bidhaa baina ya China, Japani, Korea na bandari za Kusini-Mashariki mwa Asia kama Malacca na Ayutthaya. Msikilizaji wa Mombasa au Kilwa hahitaji kuelezwa zaidi jinsi mji wa bandari unavyokusanya vitambaa, maneno na mbinu za watu wengine.

Karate ilizaliwa katika mazingira hayo. Ubavuni mwake kuna tawi la silaha, liitwalo kobudo, yaani njia ya kale ya kivita. Silaha zake zinazojulikana zaidi ni bo, fimbo ndefu ya kiasi cha sentimita 180. Sai, chuma chenye meno mawili pembeni. Tonfa, gongo fupi lenye mpini wa kukingama. Kama, ambayo ni mundu. Na nunchaku, vile vijiti viwili vilivyofungwa pamoja ambavyo sinema za Bruce Lee za miaka ya 1970 zilivipeleka hadi katika kumbi za sinema za Dar es Salaam na Nairobi. Hizo tuziache kwa leo. Kasia, ambalo kwa lugha ya Okinawa huitwa eku, husemwa kidogo kuliko nyingi ya hizo, nami naona lina mengi zaidi ya kueleza.

Kasia au kafi?

Hapa mtangazaji hukwama kidogo katika lugha yake mwenyewe. Waswahili hutofautisha kasia, linaloegemezwa ubavuni mwa chombo na kuvutwa, na kafi, linaloshikwa mikononi bila kufungwa popote. Eku hushikwa kama kafi, lakini ni refu kama kasia, kiasi cha sentimita 160, na anayekaa nyuma huligeuza likawa usukani. Nitaendelea kuliita kasia, na mabaharia wanisamehe.

Bapa lake halifanani pande zote mbili. Upande mmoja una mgongo uliopita katikati, mfano wa paa la nyumba. Upande wa pili umelainishwa. Kingo zake ni nyembamba, na ncha yake imechongoka. Chombo chake ni sabani, mashua nyembamba ya wavuvi wa Okinawa, ambayo hapo kale ilichongwa kwa gogo moja na baadaye ikaundwa kwa mbao nene, zikaungwa kwa misumari ya mianzi na vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo, pasipo chuma. Nje ilipakwa mafuta ya ini la papa. Msikilizaji aliyekulia Pate, Pemba au Sur atatabasamu hapa: ni sifa ile ile waliyoipaka wazee wake kwenye majahazi, na harufu yake haihitaji mkalimani.

Kama silaha, kasia ni gumu kulitumia kuliko fimbo, na ugumu huo ndio uliolipa kata yake tabia ya pekee. Fimbo ya bo ni sawa pande zote mbili. Mpiganaji huigeuza, hubadilisha mikono, hupiga kwa kichwa hiki na kisha kwa kile, na uzito unabaki katikati. Kasia lina kichwa kizito na mkia mwepesi. Likianza kwenda, huenda kwa kishindo, lakini kulisimamisha na kulirudisha ni shughuli. Zaidi ya hayo, bapa linakamata hewa. Ukilipiga limelala, upepo unalitikisa na pigo linapotea njia. Sharti ukingo mwembamba utangulie, kama makali ya panga. Kwa hiyo mwanafunzi hutumia miezi kujifunza kuuzungusha mti wa kasia ndani ya kiganja, kidogo tu, ili ukingo uelekee unakokwenda. Mvuvi hana haja ya kufundishwa hilo. Kila anapolitoa kasia majini na kulirudisha mbele dhidi ya upepo, hulilaza vivyo hivyo, pengine mara elfu kwa siku, bila kufikiri.

Mtu mwekundu wa Tsuken

Kata ya kasia iliyo mashuhuri kuliko nyingine huitwa Tsuken Akachu no eku-di. Silabi ya mwisho ni neno la mkono, na katika lugha ya sanaa hizi mkono ni mbinu. Jina zima basi ni mbinu ya kasia ya Akachu wa Tsuken.

Tsuken ni kisiwa kidogo mashariki ya Okinawa, mkabala na rasi ya Katsuren. Eneo lake halifiki kilomita za mraba mbili, na sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 40 kutoka usawa wa bahari. Tangu mwaka 2005 kimekuwa sehemu ya mji wa Uruma, na Waokinawa wa leo wanakijua zaidi kwa karoti zake kuliko kwa mapigano.

Kisa chenyewe hakina tarehe, na wasimulizi hawakisimulii kwa namna moja. Kiini chake ni hiki. Akachu alikuwa mvuvi. Jina lake lina maana ya mtu mwekundu, nalo husemwa lilitokana na ngozi yake iliyounguzwa na jua na chumvi. Akiwa ufukweni anakabiliwa na mtu mwenye silaha, naye hana kitu mkononi ila kasia. Anaizamisha ncha mchangani, anamrushia adui machoni, na kabla huyo hajayafikicha macho yake, kasia limekwisha kumfikia. Hakuna anayetuambia ugomvi ulikuwa wa nini, wala yule mwingine alikuwa nani. Kilichobaki ni mtu, mahali, chombo na mbinu.

Mbinu hiyo ndiyo inayoipanga kata nzima. Miondoko mingine ni ile inayotarajiwa: kupiga kutoka juu kwa ukingo, kufagia kutoka pembeni, kuzuia kwa mti au kwa bapa, kuchoma kwa ncha kwenye koo au kifua. Mchoto wa mchanga lakini ni mlango, na kinachofuata daima ni shambulio la haraka, kwa kuwa mtu aliyepofushwa kwa mchanga hubaki kipofu kwa muda mfupi mno. Mtendaji anayeinuka polepole baada ya kuchota, ili apate kupendeza, ameshampa adui wake nafasi ya kufumbua macho.

Miguu nayo ina habari yake. Juu ya sakafu mtu anaweza kuteleza na kugeuka juu ya kidole. Juu ya mchanga mguu huzama. Ukigeuka upesi, mwili hutangulia na mguu hubaki. Walimu wanaoijua vyema kata hii humtaka mwanafunzi akae chini, aweke uzito wake pale alipokanyaga kabla ya kupiga, na asitegemee kuruka. Mgeni huona mtu aliyekaa kama aliyechoka. Mwenyeji wa pwani humwona mtu aliyesimama mchangani.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, labda kwa heshima. Kumrushia mtu mchanga machoni si uungwana. Mashujaa wa hadithi za panga hutangaza jina na ukoo wao kabla ya kupigana, na hupenda pigo liwe safi. Akachu hana cha kutangaza. Hapiganii jina; anataka kurudi mashuani mwake akiwa hai. Naona kata hii ni ya kweli kuliko nyingi zilizo maridadi kuliko yenyewe, kwa sababu haikulificha hilo wala haikulisafisha.

Hadithi ya wakulima na majembe

Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini Waokinawa walipigana kwa makasia na miundu, jibu huja haraka: wafalme walipiga marufuku silaha, kisha Wajapani wakapiga marufuku tena, na wanyonge wakageuza zana za shamba na bahari kuwa silaha za siri, wakazifanyia mazoezi usiku. Ni hadithi tamu, na imeandikwa nyuma ya vitabu vingi vya karate. Historia yenyewe ina mikunjo zaidi.

Marufuku ya kwanza hutajwa kuwa ya mfalme Sho Shin, aliyetawala tangu 1477 hadi miaka ya 1520. Ushahidi unaotolewa ni maandishi ya mwaka 1509 yaliyochongwa kwenye kasri la Shuri, yakiorodhesha fahari za utawala wake. Kifungu kimoja kinataja panga, pinde na mishale. Mwanachuoni Iha Fuyu, aliyeheshimiwa sana mwanzoni mwa karne ya 20, alikisoma kuwa mfalme aliziweka silaha kando. Wasomi wa baadaye wamekisoma kinyume chake: kwamba silaha zilikusanywa na kuwekwa akiba kwa ajili ya ulinzi wa nchi. Mfalme alikuwa akijisifu kwa ghala lake, hakuwa akilifunga.

Marufuku ya pili huhusishwa na mwaka 1609, pale jeshi la ukoo wa Shimazu kutoka Satsuma, kusini mwa Japani, lilipoivamia Ryukyu na kumchukua mateka mfalme Sho Nei. Ni kweli kwamba Satsuma ilizibana bunduki na uingizaji wa silaha. Si kweli kwamba kila kisu kilitoweka visiwani. Sifa ya nchi isiyo na silaha, hata hivyo, ilisafiri mbali. Nahodha Mwingereza Basil Hall alifika Okinawa mwaka 1816, hakuonyeshwa silaha yoyote, na mwaka uliofuata, akirejea nyumbani kupitia kisiwa cha Saint Helena, alimsimulia Napoleon aliyekuwa amefungwa huko. Napoleon hakusadiki kwamba kuna watu duniani wasio na silaha. Tukubali kwamba katika suala hilo mfungwa yule alikuwa mjuzi kuliko nahodha.

Ukweli ni kwamba wengi wa waliohifadhi mbinu za silaha walikuwa watu wa tabaka la maofisa, walioitwa pechin. Sai ilikuwa chombo cha walinzi wa usalama wa ufalme, kama rungu la polisi. Kata kubwa za fimbo zimebeba majina ya watu wa daraja, mathalani Sakugawa na Soeishi. Hao hawakuwa wakulima.

Je, Akachu naye abatilishwe? Sidhani. Tangu karne ya 18 Ryukyu ilikuwa na maofisa wengi kuliko vyeo, na wengi wao walipofilisika waliondoka Shuri wakaenda kulima na kuvua katika vijiji vya mashambani. Baada ya mwaka 1879 wakaongezeka, maana ufalme ulipofutwa posho nazo zilikatika baadaye. Ujuzi wa kasri ukakutana na mikono ya kijijini. Kata ya kasia ina harufu ya mkutano huo: nidhamu yake na mpangilio wake ni vya watu waliosomea fimbo, lakini fikra yake ni ya mtu wa ufukweni. Na tazama jina. Sakugawa na Soeishi ni majina ya nyumba. Akachu ni rangi ya ngozi, na Tsuken ni kisiwa. Huyu ni mtu aliyeitwa kwa jinsi jua lilivyomfanya.

Jina ambalo skuli ilikataza

Wenyeji wenyewe kisiwa hicho hawakiiti Tsuken. Hiyo ni sauti ya Kijapani. Kwa Kiokinawa ni Chikin, na walimu wengi wa kobudo husema Chikin Akachu. Tofauti ni ndogo kwa sikio la mgeni, lakini ina historia chungu. Lugha za Ryukyu zina undugu na Kijapani, ila Mjapani wa Tokyo hazielewi. Baada ya ufalme kufutwa, skuli zilifundisha Kijapani peke yake, na mwanafunzi aliyeteleza akasema lugha ya kwao alivishwa shingoni kibao cha aibu, kiitwacho hogen fuda, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake kwa kosa hilo hilo. Wasikilizaji waliosoma Kenya wamekijua kibao cha namna hiyo kwa majina mengine.

Mwaka 2009 UNESCO iliziorodhesha lugha sita za Ryukyu miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Katika ukumbi wa kobudo maneno yake yanaendelea kutamkwa, hata na watu wasiojua kwamba ni maneno ya lugha nyingine: eku, chikin, di. Ni masalio machache. Lakini mtoto wa Naha asiyeweza kumwamkia bibi yake kwa Kiokinawa hulitamka jina la kisiwa kama bibi yake alivyolitamka.

Mwaka 1945 na baada yake

Kata inayopitishwa kutoka mwili hadi mwili ina udhaifu mmoja usio na dawa: mwili ukifa kabla ya kufundisha, hakuna pa kuitafuta. Vita vya Okinawa vilianza mwishoni mwa Machi 1945 na kuendelea hadi Juni. Tsuken, kisiwa cha karoti, nacho hakikuachwa. Wanajeshi wa Marekani walikishambulia Aprili mwaka huo. Kwa hesabu za mkoa, Waokinawa zaidi ya 120,000 walikufa, wengi wao raia, na kwa kawaida hutajwa kuwa ni mtu mmoja katika kila wanne. Huko Mabuni, mjini Itoman, kuna mawe ya kumbukumbu yaliyozinduliwa mwaka 1995, yenye majina ya waliokufa wa pande zote. Kyan Chotoku, mmoja wa walimu wakubwa wa karate wa kizazi chake, aliyapita mapigano akiwa hai, akafa mwaka huo huo. Wazee wangapi wa vijijini walikwenda na kata ambazo hazikuwa na jina nje ya kijiji chao, majina ya mawe hayatuambii.

Kwamba kata za kasia zimetufikia ni kwa juhudi za watu wachache, na majina mawili hayakwepeki. La kwanza ni Taira Shinken, aliyezaliwa kisiwa cha Kume mwaka 1897 na kufariki mwaka 1970. Alisoma silaha kwa Yabiku Moden, kisha akatumia maisha yake kukusanya kata za walimu mbalimbali kabla hazijapotea. Mwaka 1955 aliasisi chama cha kuhifadhi na kukuza kobudo ya Ryukyu, na mwaka 1964 akatoa kitabu juu yake. La pili ni ukoo wa Matayoshi: Shinko, aliyefariki mwaka 1947, na mwanawe Shinpo, aliyefundisha Naha katika ukumbi alioupa jina kwa kumbukumbu ya baba yake mpaka alipofariki mwaka 1997. Mwaka huo huo mkoa wa Okinawa uliitangaza karate pamoja na sanaa ya silaha kuwa urithi wa utamaduni usioshikika.

Njia hizo mbili zina kata za kasia zinazotofautiana, na wanafunzi wao hubishana ni ipi iliyo sahihi. Mimi hunivutia zaidi majina. Kwa Matayoshi ni kata ya Akachu, jina la mtu. Kwa Taira ni Tsuken Sunakake no eku, na sunakake ni kurusha mchanga. Upande mmoja umemshika mvuvi, upande wa pili umeshika alichokifanya, na ukitaka kisa kizima sharti uyasome majina yote mawili.

Kumbi zisizo na mchanga

Agosti 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Mokinawa Kiyuna Ryo alitwaa medali ya dhahabu ya kata kwa upande wa wanaume. Okinawa ilisherehekea. Kata zilizoshindaniwa zilikuwa za mikono mitupu, silaha hazikuwamo. Kobudo kwa hiyo imebaki kando ya jukwaa kubwa, na kuna walimu wanaoona hiyo ni heri. Pale inaposhindaniwa, waamuzi hutazama kasi, mizani na ukali wa macho. Ni vigumu kumpa mtu alama kwa mchanga usioonekana.

Hatari iko hapo. Katika ukumbi mmoja wa mazoezi hapa London, nilimuuliza kijana mmoja kwa nini hujishusha pale katikati. Alinijibu kwa adabu kwamba ndivyo inavyofanywa. Kasia lake lilikuwa jipya, halikuwahi kuguswa na maji ya chumvi, na mchoto wake ulikuwa mzuri, mwepesi, wenye duara kamili. Usingechota hata kijiko. Asingelaumiwa, mwalimu wake naye alifundishwa hivyo, na ufukwe wa karibu uko mbali.

Huko Okinawa kwenyewe bahari imebadilika. Injini ziliingia katika sabani, kisha mashua za plastiki zikachukua nafasi ya mbao, na mvuvi wa leo hana haja ya eku kila siku. Makasia huonekana kwa wingi katika mashindano ya mashua yaitwayo Hari, ambayo Naha huyafanya mwanzoni mwa Mei na Itoman siku ya nne ya mwezi wa tano wa kalenda ya zamani ya mwezi. Nje ya hapo, mahali ambapo kijana wa Okinawa hukutana na kasia ni ukumbi wa kobudo.

Ndiyo maana baadhi ya walimu huwachukua wanafunzi wao hadi ufukweni wakaifanyie kata huko. Mambo kadhaa hubainika mara moja. Mchanga ulionyeshewa na mawimbi ni mzito, hauruki. Unaoruka ni ule mkavu wa juu. Ncha ikiingia wima hukwama, na kasia hung'ang'ania ardhini wakati adui anakuja. Sharti iingie kwa mlalo, kama inavyoingia majini. Bapa lenye mgongo, likigeuzwa vibaya, humwaga mchanga pembeni kabla haujafika popote. Na lipo moja ambalo sakafu ya mbao haiwezi kulifundisha kamwe: upepo ukiwa usoni mwako, mchanga wote hukurudia wewe. Akachu, kwa hiyo, kabla hajainamisha kasia, alikuwa amekwisha kuzunguka akauweka upepo mgongoni mwake, na hatua za mwanzo za kata, ambazo watazamaji huziona kuwa ni maandalizi tu, huenda ndizo alizozitumia kufika hapo.